Gari na Mtembea kwa Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ajali za Arusha na Moshi

Maswali haya yanarudi kila mara: kwa ndugu wa majeruhi nje ya wodi za Mount Meru, Mawenzi au KCMC, na kwa madereva wanaosubiri kuandikisha maelezo kituoni. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara. Wakili aliyesoma jalada lako ataona mambo ambayo ukurasa huu hauwezi kuyaona, ila ukisoma hapa kwanza utajua cha kumuuliza.

## Mambo ya msingi

1. Mtembea kwa miguu akigongwa, dereva ndiye mwenye kosa tu?

Hapana. Na wale wa vijiweni wanaosema "aliyevuka nje ya zebra kajitakia" nao wanakosea. Kinachopimwa ni kila mmoja alikuwa na wajibu gani pale barabarani, na aliutimiza au aliuacha. Dereva anaweza kubeba lawama yote, wakati mwingine mtembea kwa miguu akabeba kubwa zaidi, na mara nyingi wanagawana. Nasisitiza hili kwa sababu familia nyingi huacha kudai haki yao kabla hata ya kuuliza, kisa mtu mmoja pale njiani amepaza sauti kwamba marehemu "alikatiza".

2. Ni sheria zipi zinazohusika?

Kubwa ni Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 (Sura ya 168), inayosema makosa ya barabarani na adhabu zake. Ya pili ni Sheria ya Bima ya Magari (Sura ya 169), inayolazimisha kila chombo cha moto kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu (yule anayeumizwa na chombo hicho), ile tunayoiita bima ndogo. Mtu akifariki inaingia pia Sura ya 310, inayowapa wategemezi wake haki ya kudai fidia.

3. Polisi wamemfikisha dereva mahakamani. Hiyo ndiyo kesi yetu ya fidia?

Siyo. Hapo Jamhuri ndiyo inayomshtaki dereva, na anatafutiwa adhabu: faini, kifungo, au kufungiwa leseni. Fidia hudaiwa kwa njia nyingine, kwa mazungumzo na kampuni ya bima au kwa shauri la madai. Hata kipimo cha ushahidi ni tofauti. Kwenye jinai kosa lithibitishwe bila kuacha shaka yoyote ya maana. Kwenye madai inatosha upande wako uonekane kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa ukweli.

Kesi hizi mbili zinasaidiana. Dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo ni ushahidi mzito kwenye madai yako. Kwa hiyo fuatilia kesi ya jinai, hudhuria, na uchukue nakala ya hukumu. Wengi hawafanyi hivyo, kisha wanahangaika kuthibitisha upya jambo ambalo hakimu alishaliamua.

## Kwa nini watu wanagongwa

4. Inakuwaje mtu agongwe juu ya zebra yenyewe?

Itazame barabara ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14 hivi zenye njia nne. Mama anasimama kwenye kivuko, gari la njia ya kushoto linasimama kumpisha, naye anaanza kuvuka. Dereva wa njia ya kulia anaona tu mwenzake amesimama, hajui kwa nini. Badala ya kupunguza mwendo anampita. Lile gari lililosimama limemziba mama, hadi anapotokeza hakuna tena nafasi ya breki. Huyu dereva wa pili hana cha kujitetea kwa kusema "alitokea ghafla": gari lililosimama mbele ya kivuko lilikuwa tayari linamwambia kuna mtu, na kulipita gari lililosimama kupisha wavukaji ni kosa.

Kwa anayevuka, ushauri wangu ni huu: ukifika usawa wa mwisho wa gari lililosimama, simama tena, chungulia njia ya pili, ndipo uendelee. Sheria haikulazimishi kuwa mwoga kiasi hicho. Nakuomba ufanye hivyo kwa sababu hata ukishinda kesi, mguu haurudi.

Siku za gulio Tengeru, Jumatano na Jumamosi, hatari hii huongezeka: watu wana mizigo kichwani, na shingo iliyobeba tenga la ndizi haigeuki upesi.

5. Mwendo unabadilisha nini hasa?

Unabadilisha karibu kila kitu. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hula mita 14 hivi kila sekunde. Kwa 80 hula mita 22. Sekunde hiyo moja ndiyo wastani wa muda wa dereva kuona na kupeleka mguu kwenye breki, yaani gari bado halijaanza hata kupungua. Likianza kushika, lile la 80 huhitaji zaidi ya mara mbili na nusu ya umbali wa lile la 50 ili lisimame. Lami ikiwa imelowa mvua za masika umbali huo unazidi.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima akigongwa na gari la mwendo wa 50, uwezekano wa kufa ni chini ya asilimia 20. Kwa 80 unakaribia asilimia 60. Kibao cha 50 cha Usa River au Himo, ambacho madereva wengi hukiona kama mtego wa trafiki, kinatenganisha majeruhi na maiti.

6. Ukiacha mwendo, kuna sababu gani nyingine?

Kuna hesabu ya tajiri, yaani fedha ambayo mwenye chombo humdai dereva wake kila siku. Suka (dereva) wa kifodi, yaani basi dogo la abiria, au kijana wa bodaboda anayedaiwa hesabu jioni hugombea abiria, hushushia popote, na huondoka kabla mtu hajatoka mbele ya gari. Abiria aliyeshuka naye huzunguka mbele ya kifodi kilekile na kukatiza bila kuona gari linalokipita. Ajali za namna hii zingepungua sana kama kila aliyeshuka angengoja gari liondoke kwanza.

Kuna njia za miguu zilizojaa bidhaa na bodaboda zilizoegeshwa, ukipita Barabara ya Sokoine au jirani na Soko la Kilombero unajua, na matokeo yake watu wanatembea kwenye lami. Kuna giza, hasa pembezoni mwa mji ambako taa ni chache na watu wamevaa nguo nyeusi. Kuna simu, kwa pande zote mbili. Na kuna pombe: sheria imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, ila dereva huanza kuchelewa kushika breki kabla hata ya kufika hapo.

## Wajibu wa kila mmoja

7. Dereva anadaiwa nini kwa mtembea kwa miguu?

Kuendesha kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba wengine wapo barabarani. Kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kibao kikisema 30, basi 30. Mabasi na magari mazito yanayozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka 80 hata nje ya mji. Lazima kumpisha aliye kwenye kivuko.

Wajibu huu haumalizikii zebra. Dereva aliyemwona mtu akivuka vibaya na akawa na nafasi ya kusimama, asisimame, ana kosa. Honi haiondoi wajibu wa breki. Nimesikia madereva wakijitetea, "afande, nilimpigia honi," kana kwamba hiyo ni ruhusa ya kupita.

8. Na mtembea kwa miguu je?

Atumie kivuko kama kipo karibu, apite njia ya miguu kama ipo, na asiingie barabarani ghafla. Pasipo njia ya miguu, tembea upande wa kulia, ukitazamana na magari yanayokuja. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari la kwanza kukufikia unapovuka linatoka kulia kwako; anza kutazama huko.

## Saa za kwanza baada ya ajali

9. Nimemgonga mtu na watu wanakusanyika. Naogopa kupigwa. Nikimbie?

Sheria inakutaka usimame, umsaidie majeruhi, utoe jina lako na namba za gari, na uripoti polisi. Piga 112. Kuondoka ukamwacha mtu barabarani ni kosa jingine kabisa, na mahakamani huonekana kama mwenendo wa anayejua amekosa.

Wananchi wakianza kushika mawe, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, jitambulishe, sema ajali ilipo na uombe majeruhi afuatwe. Usipitie nyumbani wala kwa tajiri kwanza. Tofauti ya aliyejiokoa na aliyetoroka inaonekana pale kituoni: alifika saa ngapi, na alisema nini.

Na kwa wanaokusanyika: kumpiga dereva ni jinai, na kunaharibu kesi ya majeruhi mnayedhani mnamtetea. Dereva akifa au akikimbia, maelezo yake yamepotea.

10. Hospitali wanataka PF3, ile fomu ya polisi. Tukaitafute kwanza?

Kwa dharura, mgonjwa kwanza. Mpelekeni hospitali, mmoja wenu aende kituoni kuchukua PF3 wakati matibabu yanaendelea. Msiache kabisa kuichukua, kwa sababu fomu hiyo ikijazwa na daktari ndiyo inayounganisha majeraha na ajali. Bila hiyo kampuni ya bima itauliza mguu ulivunjikia wapi.

11. Sisi ndugu tukusanye nini?

Namba ya gari. Stika ya bima. Siku hizi namba ya gari inatosha kuhakiki bima kupitia mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Majina na simu za mashahidi wawili watatu, hasa wenye biashara pale pale, maana wapita njia hamtawaona tena. Picha za alama za breki, vioo vilivyomwagika, mahali mwili au kiatu kilipoangukia, na kivuko kilivyo. Picha hizi zipigwe siku ileile, kwa sababu mvua moja ya Arusha inafuta yote.

Ombeni mpelelezi achore ramani ya eneo na gari lifanyiwe ukaguzi na mkaguzi wa magari. Baadaye mtahitaji fomu za polisi ambazo kampuni za bima huziomba, kama PF 90 na PF 115. Kila risiti itunzwe: dawa, teksi, gongo la kutembelea, hata chakula cha anayemuuguza. Gharama halisi hazikubaliwi mahakamani kwa makadirio, lazima zithibitishwe, na hapo ndipo fedha nyingi za majeruhi hupotelea.

12. Dereva ameonekana mtaani siku mbili tu baadaye. Amehonga?

Si lazima. Kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari ni kosa lenye dhamana, kwa hiyo kuachiwa kwa dhamana si kufutiwa kesi. Nendeni kwa mkuu wa upelelezi mkaulize namba ya jalada na limefikia wapi. Mkiona halisogei, andikeni barua kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa au kwa ofisi ya mashtaka.

13. Dereva ametuita nyumbani kwa mzee wa boma tumalizane. Tukubali?

Kukutana, kuomba radhi, kuchangia matibabu au mazishi ni utu wetu na hakuna sheria inayokataza. Kuweni waangalifu na karatasi. Mkisaini kwamba "hatuna madai zaidi", mnaweza kuwa mmeuza haki yote kwa bei ya dawa za wiki mbili. Pokeeni msaada kwa maandishi yanayosema wazi ni mchango wa matibabu na kwamba haki ya kudai fidia ya bima imebaki palepale.

Mgonjwa aliye wodini asisainishwe chochote. Mfupa wa paja unaweza kuonekana umeunga, miezi sita baadaye ukahitaji upasuaji mwingine. Pia makubaliano yenu hayaifuti kesi ya jinai, kwa sababu si mali yenu (tazama swali la 3).

## Fidia

14. Nani alipe: dereva, tajiri au bima?

Dereva anawajibika kwa uzembe wake. Kama alikuwa kazini kwa tajiri, tajiri anawajibika pamoja naye, hata kama hakuwepo. Bima ndiyo inayolipa badala yao kama ilikuwa hai siku ya ajali, na ikitokea hukumu dhidi ya mwenye gari, kampuni inapaswa kuilipa. Kampuni lazima ipewe taarifa mapema. Msisubiri hukumu itoke ndipo mwende kugonga mlango.

15. Kiasi kinapatikanaje?

Kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni gharama na kipato kilichopotea, zenye risiti na ushahidi. Ya pili ni maumivu, ulemavu na maisha kubadilika, ambayo hakimu huikadiria kwa kutazama ripoti ya daktari, umri na kazi ya mtu. Fundi ujenzi aliyepoteza mkono na karani aliyepoteza mkono hawapati hasara ileile. Muuza mboga asiye na hati ya mshahara naye ana kipato: daftari la mauzo, miamala ya simu na ushuhuda wa wenzake sokoni vinasaidia.

16. Alivuka pasipo kivuko. Hapati kitu?

Anaweza kupata, ila pungufu. Sheria inaruhusu lawama kugawanywa: mahakama ikiona majeruhi amechangia theluthi, fidia yake inapungua theluthi. Bima itaanza mazungumzo kwa kusema kosa lote ni lake. Hapo ndipo picha na mashahidi wa swali la 11 wanapofanya kazi.

17. Ndugu yetu amefariki. Nani adai?

Madai ni kwa faida ya mwenza, watoto na wazazi wa marehemu, na hufunguliwa na msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo kikao cha ukoo kikae mapema, kimteue mtu, kisha mahakama imthibitishe. Andaeni cheti cha kifo na ripoti ya uchunguzi wa mwili. Familia nyingi huzika haraka bila uchunguzi, na baadaye kampuni hudai marehemu aliuawa na ugonjwa mwingine. Mjane na watoto wasiachwe nje ya maamuzi haya. Sheria inawataja wao kwanza.

18. Tuna muda gani?

Shauri la madai ya uzembe lifunguliwe ndani ya miaka 3. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo.

19. Bima inatuzungusha.

Pelekeni malalamiko kwa maandishi TIRA au kwenye Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kupata msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizeni kwa msajili msaidizi wa huduma hiyo kwenye halmashauri.

## Mazingira yasiyo ya kawaida

20. Aliyegonga amekimbia.

Ripotini mara moja, hata kwa kipande cha namba na rangi. Kamera za vituo vya mafuta na maduka hujifuta baada ya muda, kwa hiyo mpelelezi aombwe azifuate siku hiyohiyo. Gari lisipojulikana, hakuna kampuni ya kudai.

21. Ni bodaboda asiye na bima.

Kutokuwa na bima ni kosa lake, na deni linabaki kwake na kwa mwenye pikipiki. Shida ni kukamata fedha. Tafuteni pikipiki ni ya nani kwa kadi, kwani mara nyingi kijana anaendesha ya mtu mwenye mali.

22. Mtoto alikimbilia mpira barabarani.

Mtoto hapimwi kwa akili ya mtu mzima. Dereva anayepita jirani na shule au mtaa wenye watoto anatakiwa ategemee hilo, na mpira ukitokeza ajue mtoto anafuata. Sehemu ya lawama ya mtoto mdogo huwa ndogo, au haipo kabisa.

23. Ni gari la serikali, au barabara yenyewe ilikuwa mbovu.

Kabla ya kuishtaki Serikali lazima itolewe notisi ya siku 90, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hali ni hiyohiyo kwa TANROADS, wenye barabara kuu, na TARURA, wenye za mitaa. Hapa tafuteni wakili tangu mwanzo.

24. Gari lina namba za Kenya.

Malori na mabasi yanayopitia Namanga au Holili yanatakiwa kuwa na Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), yaani bima ya mtu wa tatu inayovuka mpaka. Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Andikeni namba ya kadi hiyo kabla gari halijavuka mpaka.

25. Aligongwa akiwa kazini.

Mwajiriwa aliyetumwa na mwajiri, kwa mfano tarishi aliyekuwa anapeleka barua, anaweza kupata mafao ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mwajiri ndiye anayeanzisha taarifa.

26. Niliuza gari, kadi bado ina jina langu, na limegonga mtu.

Polisi na mahakama zitaanza na wewe, kwa sababu kadi inakutaja kuwa mmiliki. Mkataba wa mauziano wenye tarehe na mashahidi unaweza kukuokoa, baada ya safari nyingi za mahakamani. Hamisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) siku unayopokea fedha.

27. Mtembea kwa miguu anaweza kushtakiwa?

Ndiyo. Aliyekatiza ovyo akasababisha bodaboda ianguke na abiria avunjike anaweza kudaiwa fidia, na kutumia barabara kizembe ni kosa hata kwa anayetembea. Mwenye ng'ombe walioachwa kwenye lami ya Kisongo usiku yuko kwenye hali hiyohiyo, na yeye hana bima ya kumlipia.